Mhadhiri Wetu wa Majitaka

Mhadhiri wetu wa majitaka alikuwa amechoka tangu siku ya kwanza tuliyomwona. Aliingia darasani na mkoba begani na chupa ya chai mkononi, akavuta kiti, akaketi, akatutazama kama mtu anayetazama vyombo vichafu vinavyomsubiri jikoni. Akasema, "Haya. Mmekuja." Hakujitambulisha. Hakutuuliza kwa nini tumechagua kusomea uhandisi wa mazingira, swali ambalo wahadhiri wengine wote walituuliza wiki ile na ambalo wote tulilijibu kwa uongo. Alimimina chai, akanywa funda moja, akaanza kutueleza kinyesi cha mji wa Bukoba kinakwenda wapi.

Majina yetu hakuyashika mpaka tukahitimu. Alituita kwa mahali tulikotoka: wewe wa Muleba, wewe wa Karagwe, wewe wa Kitendaguro. Mimi nilikuwa wewe wa Miembeni. Mwenzetu mmoja alipolalamika kwamba wahadhiri wengine wanatuita kwa majina kama watu, alijibu bila kuinua macho, "Majina nayasahau. Mahali sipasahau, maana najua panatiririkia wapi." Na kweli alijua. Ungemtajia mtaa wowote wa manispaa, angekuambia mvua ikinyesha maji ya pale yanashuka kwa njia gani, yanapita nyuma ya nyumba ya nani, yanaingia mfereji upi, na yanafika ziwani yakiwa yamebeba nini. Nilikulia Miembeni na sikuwahi kujua kwamba mtaa wetu una mteremko.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na alivaa gauni za kitenge na makubadhi meusi ya ngozi, hata siku za mafunzo ya vitendo tulipotakiwa kuvaa mabuti. Sisi tulikuwa tukishuka mtoni Kanoni tumevaa mabuti mapya kama askari wa zimamoto, yeye akishika pindo la gauni kwa mkono mmoja na kuruka jiwe hadi jiwe na makubadhi yake, na hakuna siku aliyoteleza. Wa Karagwe aliteleza kila safari.

Watu walikuwa wakisimama darajani kututazama. Kijana mwenye toroli aliwahi kuuliza, "Mnatafuta nini huko?"

"Simu imeanguka," wa Muleba akajibu, kwa sababu alikuwa na aibu.

Mhadhiri akamgeukia. "Mwambie ukweli. Mwambie tunatafuta alichokula jana."

Yule kijana alicheka mpaka akaegemea toroli lake. Mhadhiri hakucheka. Alituambia tunuse. Hilo ndilo lililokuwa somo lake la kwanza kila mahali: tusimame, tufumbe macho, tunuse, kisha tuseme tunachonusa kabla ya kufungua kifaa chochote. Alikuwa na hasira ya chini kwa chini dhidi ya watu wanaoziba pua. Alisema mhandisi wa majitaka anayeziba pua ni sawa na mwalimu wa muziki anayeziba masikio, na kwamba sabuni ni bei rahisi.

Nyumbani kwetu kusomea mambo haya kulikuwa jambo la kuficha. Baba ana duka la khanga na vitenge pale Miembeni, na ndugu zake wengi wamesomea mambo yanayotamkika mbele ya wageni. Bibi yangu, mama yake baba, ambaye wazee wake walitoka pwani na hakuwahi kuacha kutukumbusha, ndiye aliyeumia zaidi. "Mtoto wa kike, miaka minne chuo kikuu, kusomea choo!" Alilisema asubuhi, alilisema jioni, na Ramadhani alilisema kwa sauti ya chini.

Siku moja Mhadhiri alifika dukani kumtafutia mama yake khanga, akamkuta Bibi ameketi barazani. Mimi nilikuwa ndani, nikajibanza nyuma ya vitenge kama mwizi.

"Wewe ndiye unayemfundisha mjukuu wangu habari za vyoo?" Bibi akauliza hata kabla ya salamu kwisha.

"Ndiye mimi, Bibi. Shikamoo tena."

"Marahaba. Na mumeo anasemaje?"

"Mume wangu alifariki, Bibi. Lakini enzi za uhai wake choo alikuwa akikitumia."

Nilidhani dari itaanguka. Bibi akamtazama juu mpaka chini, kisha akasogea kumpa nafasi ya kukaa. Waliongea juu ya bei ya khanga, juu ya magoti. Halafu Mhadhiri akamuuliza, kwa ile sauti yake ya uchovu, maji yake ya udhu yanakwenda wapi.

"Yanakwenda nje," Bibi akasema.

"Nje wapi?"

"Nje, huko nje."

"Bibi, hakuna mahali panapoitwa nje. Nje ni kwa mtu mwingine."

Wakainuka wote wawili, yule mzee na fimbo yake na huyu na makubadhi yake, wakayafuata yale maji kutoka kwenye birika mpaka nyuma ya nyumba, kandokando ya ukuta, mpaka yalikopenya chini ya ua na kuingia uani kwa jirani, pale pale jirani anapoanika mchele wake. Wiki iliyofuata Baba alichimbishwa shimo, likajazwa mawe, na tangu hapo Bibi hakulalamika tena. Alikuwa akiniuliza tu, "Yule mwalimu wako wa vyoo hajambo?"

"Hakuna mahali panapoitwa nje" ndilo neno lake tuliloondoka nalo chuoni, kuliko kanuni zote za hesabu. Wavulana wa darasa letu waliliandika kwenye fulana za mahafali.

Ningependa kusema alikuwa mtu wa kuishi anachofundisha, lakini hakuwa. Alipanga nyumba Kitendaguro, na bomba la jikoni kwake lilivuja miaka yote niliyomfahamu, tone kwa tone ndani ya sufuria. Maji ya karo lake yalimwagikia moja kwa moja kwenye maharage ya jirani. Nilipomuuliza alisema amemwambia mwenye nyumba, amemwandikia, na sasa amechoka. Ziwa aliliogopa. Alizaliwa na kukulia mkoa huu wa Kagera na hakuwahi kupanda meli hata mara moja. Alisimamisha wanafunzi mwaka mzima kwa kukosea hesabu ya shimo la majitaka, lakini wakati wa mitihani alileta sufuria ya ndizi za nazi, ameibeba kichwani tangu Kitendaguro, akaiweka mlangoni pa maktaba na kuondoka bila kuaga. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliahirisha vipindi. Tulimkuta ofisini na ungo mapajani, ananyonyoa mabawa, anatabasamu peke yake, na ukimwingilia saa hiyo na swali la masomo anakutazama kama umemkatizia sala.

Na uchovu wake huo. Wapya walidhani anaumwa. Ukimsalimia "Habari za leo, Madamu," jibu lake lilikuwa "Nimechoka," bila malalamiko, kama wengine wanavyosema "Nzuri." Kwenye semina za mazingira, zile za chakula cha mchana na picha ya pamoja, alisinzia kwenye kiti cha mbele, kisha anaamka na kuuliza swali moja ambalo hakuna aliyelitaka. Nilidhani zamani kwamba ulikuwa uchovu wa kazi. Sasa mimi mwenyewe ninafanya kazi hiyo hiyo, naenda vijiji vile vile kuwaambia watu mambo yale yale, na najua kazi yenyewe haichoshi hivyo. Kinachochosha ni kusikilizwa kila mahali isipokuwa nyumbani kwako.

Kwao Mhadhiri ni Kamachumu. Tulipelekwa huko mwaka wa tatu, darasa zima, kujifunza kupima maji ya chemchemi. Kibanja cha familia yao kiko kwenye mteremko, migomba na kahawa vimeizunguka nyumba kama kawaida ya vibanja vyote, na chini, pale udongo unapokutana na mwamba, kuna chemchemi iliyonywesha ukoo ule tangu zamani. Juu ya chemchemi, upande wa kulia, ndipo vilipo vyoo vya kaka zake. Upande huo huo, katikati ya migomba, limo kaburi la baba yake, maana Wahaya tunazika watu wetu nyumbani, ndani ya kibanja, karibu na waliowazaa. Nasema "tunazika" ingawa sisi wa Miembeni tuna makaburi yetu mbali na nyumba. Nimekaa na Wahaya mno.

Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angesimama pale na kuliona tatizo. Choo juu, maji chini, udongo mwembamba kati yake. Tulichukua sampuli, tukazirudisha Bukoba kwenye boksi la barafu, tukaziotesha maabara kwenye sahani ndogo, na kesho yake sahani zilikuwa zimejaa madoa ya vijidudu vya kinyesi mpaka hatukuweza kuyahesabu. Mhadhiri aliyatazama matokeo, akatia sahihi, akasema, "Najua. Nilijua tangu nikiwa na umri wenu."

Tuliporudi kuwapa majibu, mama yake alitupokea. Mzee sana, mgongo umepinda, akitembea uso wake unatazama ardhi, lakini sauti kali. Alitandika nyasi mpya sakafuni kwa ajili yetu. Alileta kikapu kidogo cha buni zilizochemshwa na kukaushwa, kila mmoja achukue na kutafuna, kama mgeni anavyopaswa kukaribishwa. Kisha akaleta maji kwenye kikombe, akampa binti yake kwanza.

Darasa zima tukashika pumzi. Tulikuwa tumetoka kuyaona maji yale kwenye sahani. Mhadhiri akapokea kikombe kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema "Waitu" kwa heshima kama binti yeyote mbele ya mama yake, akanywa yote mpaka mwisho.

Kwenye basi dogo la chuo wa Muleba hakuweza kuvumilia. "Madamu, yale maji tumeyapima sisi wenyewe."

"Mmeyapima vizuri."

"Sasa mbona umekunywa?"

Alitazama nje ya dirisha mpaka tukapita soko. "Anasema maji yaliyochemshwa yamekufa. Anasema hawezi kumpa mtoto wake maji maiti. Ungekuwa wewe ungemwambiaje?"

Siku mbili zilizofuata hakuja chuoni, na wote tulijua tumbo linamsumbua.

Hapo ndipo tulipoelewa mambo ya pale kwao. Alikuwa amewasihi kaka zake miaka mingi wahamishe vyoo, na mahali pekee penye udongo wa kutosha kuchimba palikuwa upande wa pili wa kibanja, kwenye migomba mizuri kabisa ya kaka mkubwa. Kaka mkubwa ndiye mrithi. Yeye ni binti. Amesoma mpaka Ulaya, anaitwa wizarani kutoa ushauri, vijiji vingapi vimehamisha vyoo kwa neno lake, lakini kwenye ardhi ya baba yake hana hata mgomba mmoja, na wanaume wakikaa kuzungumza habari za kibanja, yeye anakaa mlangoni na wake za kaka zake akimenya ndizi. Alikuwa anataka kitu kimoja tu: siku moja, wangali hai wote, wamuulize.

Akapata njia. Mwaka wa nne darasa letu lilihitaji mradi wa vitendo, na chuo kilikubali tujenge kinga ya chemchemi ileile ya Kamachumu. Vyoo vingebaki vilipo, sawa, lakini angalau jicho la maji lingefunikwa, uchafu wa juu usiingie, watu wateke kwenye bomba. Kaka mkubwa hakukataa. Kazi ya bure, saruji ya bure. Alileta hata vijana wa kubeba mawe.

Kanuni ya kazi hii tuliimeza mwaka wa pili, na ni yeye aliyetumezesha. Unachimba taratibu mpaka ulifikie jicho lenyewe, maji yanapotoka kwenye mwamba. Bomba unaliweka chini ya jicho, kamwe si juu yake. Ukiliinua, maji yanalimbikana nyuma ya ukuta wako, yanasukuma, na mwisho yanatafuta njia nyingine na kukukimbia. "Chemchemi msiibishie," alikuwa akituambia. "Inajua pa kutokea. Nyinyi kazi yenu ni kuifuata."

Tukachimba, tukalipata jicho, zuri, safi, linabubujika kama maziwa yanayochemka. Tukaweka bomba mahali pake, chini kabisa, karibu na ardhi. Tulikuwa tunajiandaa kumwaga zege mama yake aliposhuka na fimbo kutazama kazi ya wanafunzi wa mwanawe. Akalitazama bomba. Akainama zaidi ya alivyokwisha kuinama, akajaribu kuweka dumu lake dogo chini yake.

"Mwanangu," akasema, "liko chini mno, hili bomba. Mgongo wangu huu. Si mngeliinua kidogo?"

Mhadhiri alisimama akimtazama mama yake. Nilimwona usoni akiipigania kanuni, na nilimwona akishindwa. Ilikuwa masika, maji yalikuwa na nguvu. Akasema, "Liinueni. Mpaka dumu likae juu ya jiwe, asiiname."

Wa Muleba akafungua mdomo. "Lakini Madamu, ulisema..."

"Najua nilichosema. Mimi ndiye niliyekisema. Liinueni."

Tukaliinua. Zege likakauka. Maji yakatoka kwenye bomba lile la juu vizuri kabisa, na yule mama akateka dumu lake akiwa amesimama, akacheka kama msichana. Kulikuwa na pombe ya rubisi siku ile, na ndizi za ebitoke na maharage, na kaka mkubwa akasimama kusema maneno mawili, akamtaja dada yake mbele za watu. Alisema, "Huyu dada yetu ametusaidia." Sijamwona Mhadhiri akionekana kijana kama siku ile. Njiani kurudi Bukoba hakusema hata mara moja kwamba amechoka.

Kiangazi kilipofika bomba likakauka.

Haikuwa kwamba maji yamekwisha. Yalikuwa yamehama, kama alivyotufundisha kwamba yatahama. Yalipoishiwa nguvu ya kupanda mpaka kwenye bomba, yalijichimbia njia pembeni, yakachomoza chini zaidi, kwenye majani ambako ng'ombe wa vijiji viwili wanapita, yakawa tope. Ukoo mzima ukawa unateka kwenye tope.

Tulikwenda naye, wachache wetu. Kikao cha ukoo kilikuwa kimekwishaanza. Kaka mkubwa hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Dada, umesoma mpaka Ulaya, ukarudi kuyazika maji ya baba?"

Alikuwa ameketi kwenye nyasi mlangoni. Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema ni wanafunzi. Alisema, "Nimekosea." Kisha akainuka, akaomba nyundo, akashuka mwenyewe na makubadhi yake, akaanza kulivunja lile zege. Sisi tukamfuata, tukavunja naye mpaka jua lilipoelekea magharibi. Tulilishusha bomba mahali lilipopaswa kuwa tangu mwanzo. Mama yake alikaa juu ya jiwe akitutazama.

Maji yalirudi, baada ya wiki kadhaa, pungufu kidogo. Lakini jambo jingine halikurudi. Tangu siku ile, kila alipogusia vyoo, kaka yake alimuuliza kwa upole kabisa, "Kama lile bomba?" Na yeye akaliacha hapo hapo. Miaka ikapita hivyo. Watu wa kule hawasahau upesi, na wala si lazima wawe wabaya.

Sisi tulihitimu mwaka ule ule. Siku moja, nilipokuwa nafuatilia cheti changu chuoni, nilipita kwenye korido na kuisikia sauti yake ikitoka darasani, ikifundisha wa mwaka wa pili kinga ya chemchemi. Alikuwa amechora ubaoni bomba lililoinuliwa. "Mhandisi mmoja," akawaambia, "aliliinua bomba kwa ajili ya mgongo wa mama yake." Darasa likacheka. "Mhandisi mjinga," mmoja akasema. "Sana," akasema yeye. "Andikeni." Nilisimama pale nje nikaumia, nikaondoka bila kumsalimia, nisimharibie kipindi.

Mimi nikapata kazi Muleba. Ninapima visima, ninahudhuria vikao, ninawaambia watu wahamishe vyoo, wananikubalia kwa vichwa na nikirudi baada ya mwaka vyoo viko palepale. Nilimpigia simu mara kwa mara, naye alishastaafu, bado yuko Kitendaguro, bomba la jikoni bado linavuja. Nilikuwa nikisema, "Nimechoka, Madamu." Naye akijibu, "Ndiyo kwanza unaanza." Hiyo ndiyo ilikuwa faraja yake yote.

Halafu ikaja taarifa kwamba mama yake amefariki. Nikachukua bodaboda kutoka Muleba mpaka Kamachumu asubuhi.

Nilimkuta ameketi chini kwenye nyasi, katikati ya wanawake wa ukoo, mlangoni palepale. Ameota mvi zote. Alinishika mkono. "Wewe wa Miembeni," akasema. Nilikaa karibu naye. Wanaume walikuwa wamesimama nje na majembe, wanangojea kuonyeshwa pa kuchimba. Kaburi la mke linakwenda kando ya mumewe, kila mtu alijua hivyo, na baba yao amelala kulekule juu ya chemchemi. Nilimwona akiitazama ile migomba na kuyainamisha macho. Nilijua anawaza maji yaliyo chini yake, na nilijua hatasema.

Kaka mkubwa akaja mlangoni. Naye amezeeka, anatembelea fimbo ya mama yake. Akachuchumaa mbele ya dada yake, kwa shida, mbele ya wanawake wote.

"Dada," akasema. "Tuchimbe wapi?"

Hakuelewa. Nadhani hakuna aliyeelewa.

"Mama aliniagiza," akaendelea. "Alisema siku ya kumchimbia nisimuulize mtu yeyote, nikuulize wewe. Alisema wewe ndiye unayejua maji yanapopita. Inuka utuonyeshe."

Nilimsaidia kuinuka. Alitembea polepole kupitia migomba, kaka yake nyuma, wanaume na majembe nyuma ya kaka. Alipita kaburi la baba yake, akaligusa, akaendelea. Alivuka mpaka upande wa pili, kwenye migomba ile mizuri ya kaka mkubwa. Akapiga ardhi kwa kisigino, kama alivyotufundisha, akasikiliza, akasogea, akapiga tena.

"Hapa," akasema.

"Baba yuko kule," kaka yake akasema, kwa sauti ndogo.

"Baba tulimzika tukiwa hatujui. Mama alijua."

Kaka akaitazama migomba yake. Kisha akauonyesha kwa kichwa mgomba wa kwanza, na kijana akaukata. "Na vile vyoo," akasema akiwa amempa mgongo, "tukimaliza matanga tutavihamishia huku."

"Leo tumzike mama," Mhadhiri akajibu.

Akaniomba nimshike mkono tushuke chemchemini, anawe uso kabla mchungaji hajafika. Nilimuuliza kama amefurahi. Lilikuwa swali la kijinga, lakini lilinitoka. Alifikiri kidogo. "Ningefurahi kama angekuwepo," akasema. "Sasa nimechoka tu."

Bomba lilikuwa palepale tulipoliacha, chini kabisa, karibu na ardhi, maji yanatoka kidogo kidogo, safi. Aliniachia mkono, akashika pindo la gauni, akainama. Mgongo ukamgomea nusu njia. Akajaribu tena, mkono mmoja juu ya jiwe alilokuwa akikalia mama yake, mwingine ukiyatafuta maji, haukufika.

"Liko chini mno, hili bomba," akasema.

Nikapiga magoti kwenye tope, nikamkingia maji kwa viganja vyangu, nikamnawisha.